Tarehe Isiyo na Mwisho na Tarehe Isiyojulikana: Namna ya Kuzihifadhi Bila Kuzichanganya

Chukua fremu nne za maduka kwenye jengo moja Kariakoo, na daftari la msimamizi wake. Mpangaji wa fremu ya 11 amelipa kodi ya miezi sita, mkataba wake una siku ya kuanza na siku ya kuisha. Wa fremu ya 12 yupo miaka mingi, na karatasi yake inasema ataendelea mpaka upande mmoja utoe notisi. Wa fremu ya 13 aliletwa na dalali. Mkataba ameshasaini, ila nakala haijafika ofisini. Fremu ya 14 mwenye jengo anaitumia mwenyewe kama stoo, kwa hiyo hakuna pango wala mkataba.

Ukifungua daftari utakuta safu ya "kuisha" imejazwa kwenye fremu ya 11 peke yake. Zile tatu ziko wazi. Msimamizi anajua kwa kichwa kwamba ya kwanza kati yao maana yake ni "hauna mwisho", ya pili "una mwisho, sisi ndio hatuujui", na ya tatu "swali lenyewe halihusiki". Ukizihamisha zote kwenye hifadhidata kama NULL (alama ya nafasi isiyo na thamani), umepoteza alichokuwa akikijua, na hakuna ulizo la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, litakalokirudisha.

Edgar F. Codd, aliyeasisi modeli ya hifadhidata za uhusiano mwaka 1970, baadaye alipendekeza alama mbili tofauti za thamani inayokosekana: moja ya kitu kilichopo ila hakijulikani, nyingine ya kitu kisichohusika. SQL haikufuata pendekezo hilo, ina NULL moja tu. Na hata hizo alama mbili zisingetosha kwa fremu ya 12, kwa sababu "hauna mwisho" si thamani inayokosekana. Ni jibu kamili. Mkataba ule tunaujua wote, neno kwa neno.

Hatua ya 1: Uliza maana kabla ya kuchagua aina ya data

Kaa na mtu anayeshika karatasi, si na mtu wa programu mwenzako. Kwa kila safu ya tarehe muulize: hapa pakiwa wazi, unamaanisha nini? Mpe majibu manne achague: haijulikani, haina mwisho, haihusiki, au bado haijatokea (mfano tarehe ya kurudisha funguo). Akichagua zaidi ya moja kwa safu hiyohiyo, hapo ndipo penye kazi.

Usidhani kuwa kutokuwa na mwisho ni jambo la nadra. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaweka ukomo wa miaka 99 kwenye hati miliki, na vipindi vya 33, 66 na 99 vimezoeleka. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inaruhusu haki miliki ya kimila ya mwananchi iwe ya muda usio na kikomo. Anayetengeneza mfumo wa viwanja atakutana na vyote viwili kwenye jedwali moja.

Jibu la "haihusiki" mara nyingi halihitaji alama yoyote ya tarehe. Fremu ya 14 haina mkataba, basi isiwe na mstari kwenye jedwali la mikataba. Weka safu ya `matumizi` kwenye jedwali la fremu, yenye 'kupangisha' au 'mwenyewe', na tatizo limekwisha.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe za uongo zilizokwisha kuingia

Kama mfumo upo tayari, anza na hili:

```sql
SELECT kuisha, COUNT(*)
FROM mkataba
GROUP BY kuisha
ORDER BY COUNT(*) DESC
LIMIT 20;
```

Kwenye SQL Server ondoa LIMIT na uandike SELECT TOP 20. Tarehe halisi hutawanyika. Tarehe iliyorundikana juu kabisa ya orodha, mbali na mwisho wa mwezi wa kawaida, kwa kawaida ni ya kubandika. Kila moja ina asili yake, na ukiijua asili unajua maana:

`1970-01-01` ni sifuri ya saa ya Unix. Ikiwa na muda, kwa saa za Dar es Salaam itaonekana 03:00:00, kwa sababu tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Hii karibu siku zote ni thamani tupu iliyogeuzwa namba 0 na programu.

`1900-01-01` kwenye SQL Server hutokea pale maandishi matupu '' yanapoingizwa kwenye safu ya tarehe. Mfumo haulalamiki, unaandika tu.

`1899-12-30` ni siku ya sifuri ya Access na baadhi ya zana za Windows.

`0000-00-00` ni ya MySQL ya zamani. Tangu toleo la 5.7 mipangilio ya kawaida inaikataa, lakini data ya zamani bado imelala nayo. Usiitafute kwa `kuisha = '0000-00-00'`, maana kwenye hali kali unaweza kurudishiwa kosa la thamani batili. Tumia `kuisha < '1000-01-01'`. Pia, kama safu imewekwa NOT NULL, MySQL huihesabu tarehe hii kuwa inatimiza `IS NULL`. Usishangae ukiona mistari inayodai kuwa NULL mahali pasiporuhusiwa NULL.

`2099-12-31` na `9999-12-31` ziliandikwa na mtu kwa makusudi. Hapa usikimbilie kuzigeuza zote kuwa "hauna mwisho". Wapo waliozitumia kwa sababu fomu ilikataa kuhifadhi bila tarehe, na nakala ya mkataba hawakuwa nayo. Toa orodha, mpe msimamizi apitie moja moja. Ni kazi ya siku mbili tatu, na hakuna njia ya mkato ya kweli.

Hatua ya 3: Jua mfumo wako unafika mwaka gani

PostgreSQL ina thamani rasmi za `infinity` na `-infinity` kwa aina za date, timestamp na timestamptz. Tarehe zake za kawaida zinafika mwaka 5874897. MySQL haina tarehe isiyo na mwisho. DATE na DATETIME zinaishia 9999-12-31. SQL Server na Oracle nazo zinaishia mwaka 9999.

Hatari ziko kwenye aina fupi. TIMESTAMP ya MySQL inaishia 2038-01-19 03:14:07 UTC, yaani saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 2010 inaisha 2043, kwa hiyo haiingii. `smalldatetime` ya SQL Server inaishia Juni 2079, na hati ya miaka 99 iliyotolewa 1990 inaisha 2089. Zote mbili ni tarehe halali kabisa, hazina infinity ndani yake, na bado zitakataliwa.

Kwa mikataba, hati na vyeti tumia aina ya tarehe tupu, isiyo na saa. Ukitumia aina yenye saa na ukaweka `9999-12-31 23:59:59` kwa UTC, siku programu itakapoigeuza kuwa saa za Dar es Salaam itapata mwaka 10000, na maktaba nyingi zitagoma hapohapo. Kwenye SQL Server, aina ya `datetime` hukadiria sehemu za sekunde, hivyo `9999-12-31 23:59:59.999` husogea hadi siku inayofuata, ambayo haipo, na unapata kosa.

Hatua ya 4: Amua mwisho unahesabiwa vipi

Mkataba wa pango huandikwa "kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 30 Juni", na siku ya mwisho imo. Kwenye hifadhidata ni salama zaidi kuhifadhi siku ya kwanza ambayo mkataba haupo tena, yaani 1 Julai. Hapo mkataba unaofuata unaanza palepale wa kwanza ulipoishia, hakuna kujumlisha moja wala kutoa moja. PostgreSQL yenyewe hufanya hivyo: ukiiandikia `'[2025-01-01,2025-06-30]'::daterange` itakurudishia `[2025-01-01,2025-07-01)`.

Jina la safu liseme hivyo. "Kuisha" linaleta ubishi kila mara: siku hiyo imo au haimo? Ziite `tangu` na `kabla_ya`. Mtu akisoma `kabla_ya = 2025-07-01` hana la kuuliza.

Hatua ya 5: PostgreSQL

Hapa kazi ni nyepesi, kwa sababu mfumo wenyewe unatofautisha. NULL iwe "haijulikani" na basi. `infinity` iwe "hauna mwisho".

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS btree_gist;

CREATE TABLE mkataba (
  id          bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  fremu_id    integer NOT NULL REFERENCES fremu,
  mpangaji_id integer NOT NULL REFERENCES mpangaji,
  tangu       date NOT NULL CHECK (isfinite(tangu)),
  kabla_ya    date,
  CHECK (kabla_ya > tangu),
  EXCLUDE USING gist (
    fremu_id WITH =,
    daterange(tangu, kabla_ya, '[)') WITH &&
  )
);

INSERT INTO mkataba (fremu_id, mpangaji_id, tangu, kabla_ya) VALUES
  (11, 501, '2025-01-01', '2025-07-01'),
  (12, 502, '2009-03-01', 'infinity'),
  (13, 503, '2025-02-15', NULL);
```

Sharti la EXCLUDE ndilo linalozuia fremu moja kupangishwa kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Angalia linavyoichukulia fremu ya 13. `daterange` ikipewa NULL upande wa juu, inasoma "hakuna mpaka", si "mpaka haujulikani". Maana yake mkataba wowote mpya wa fremu ya 13 utakataliwa mpaka nakala iletwe na tarehe iandikwe. Kwa kazi hii hilo ni jambo jema. Afadhali karani akwame dakika kumi akimtafuta dalali kwa simu kuliko watu wawili walipe kilemba cha fremu moja. Lakini ujue kwamba ni uamuzi, na uandike kwenye maelezo ya jedwali, kwa sababu kwenye kazi nyingine unaweza kuwa uamuzi mbaya.

Jambo jingine: kwa aina za masafa (range, kama `daterange`), "hakuna mpaka" na "mpaka ni infinity" si kitu kimoja. `upper_inf(daterange('2009-03-01','infinity'))` inarudisha `false`, kwa kuwa mpaka upo, nao ni thamani inayoitwa infinity. Chagua njia moja kwa mfumo mzima. Ukichanganya, utahesabu mikataba isiyo na mwisho mara mbili kwa njia mbili na upate majibu mawili.

Toleo la 18 limeleta `WITHOUT OVERLAPS` kwenye ufunguo mkuu na UNIQUE, inayofanya kazi hiyohiyo ya EXCLUDE kwa maandishi machache. Inataka safu yenyewe iwe ya aina ya masafa.

Hatua ya 6: MySQL na mifumo isiyo na infinity

Hapa lazima uongeze safu ya hali, kwa sababu 9999-12-31 ni tarehe ya kuazima, na mtu atakayekuja baada yako hatajua uliiazima kwa maana gani.

```sql
CREATE TABLE mkataba (
  id          BIGINT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  fremu_id    INT NOT NULL,
  mpangaji_id INT NOT NULL,
  tangu       DATE NOT NULL,
  kabla_ya    DATE NULL,
  hali_mwisho VARCHAR(12) NOT NULL,
  CONSTRAINT mwisho_sahihi CHECK (
       (hali_mwisho = 'umepangwa'
          AND kabla_ya IS NOT NULL
          AND kabla_ya > tangu
          AND kabla_ya < '9999-12-31')
    OR (hali_mwisho = 'hauna_mwisho'
          AND kabla_ya IS NOT NULL
          AND kabla_ya = '9999-12-31')
    OR (hali_mwisho = 'haujulikani'
          AND kabla_ya IS NULL)
  )
);
```

Ile `IS NOT NULL` kwenye tawi la pili inaonekana ya ziada. Wengi huifuta wakidhani kwamba kitu kilicho sawa na 9999-12-31 hakiwezi kuwa NULL. Usiifute. Jaribu kuingiza mstari wenye `hauna_mwisho` na `kabla_ya` NULL bila kipande hicho. Tawi la kwanza ni uongo. Tawi la pili linasema kweli NA "NULL = 9999-12-31", na jibu la ulinganisho huo ni "haijulikani". Tawi la tatu ni uongo. Uongo AU haijulikani AU uongo ni haijulikani. Sasa kumbuka: WHERE hupokea mstari pale jibu likiwa kweli tu, ila CHECK hukataa pale jibu likiwa uongo tu. "Haijulikani" inapita. Mstari mbovu umeingia, na sharti lako lipo linatazama. Ndiyo sababu pia `CHECK (kabla_ya > tangu)` ya kule PostgreSQL iliipokea fremu ya 13; kule tulitaka ipite, hapa hatutaki.

MySQL ilianza kutekeleza CHECK kwenye toleo la 8.0.16. Matoleo ya kabla ya hapo yanayasoma masharti hayo bila kosa lolote na kuyaacha. MariaDB inayatekeleza tangu 10.2.1. Angalia toleo la seva yako kwa `SELECT VERSION();` kabla ya kuamini kuwa umelindwa.

Tarehe ya kuazima ina gharama mbili. Ya kwanza ni hesabu: kutoka 2025-01-01 hadi 9999-12-31 ni siku 2,912,807. Ukiwa na mikataba tisa ya siku 365 na mmoja usio na mwisho, AVG itakuambia wastani wa mkataba ni siku 291,609, karibu miaka 798. Mfumo hautatoa kosa. Ya pili ni mpango wa utekelezaji: mfumo hukadiria idadi ya mistari kwa kutazama thamani ndogo na kubwa ya safu, na tarehe moja ya mwaka 9999 inaweza kuufanya uamini data yako imesambaa miaka elfu nane. Makadirio yakiharibika, faharasa (index) nzuri inaweza kuachwa. Histogramu kwenye safu hiyo husaidia.

Kwa SQL Server mbinu ni hiyohiyo. Majedwali yake yanayotunza historia, yaliyokuja na toleo la 2016, nayo hutumia mwisho wa mwaka 9999 kama alama ya mstari ulio hai. Kwenye MariaDB alama hiyo ilikuwa 2038-01-19 03:14:07.999999 UTC, na tangu toleo la 11.5 kwenye mifumo ya biti 64 ni 2106-02-07 06:28:15.999999 UTC. Ukiiona kwenye safu ya ROW_END, usiichukue kuwa tarehe halisi.

Hatua ya 7: Andika maulizo yenye majibu matatu

Swali la "mkataba upo hai?" lina majibu matatu: ndiyo, hapana, hatujui. Mpe mtumiaji yote.

```sql
SELECT fremu_id,
       CASE
         WHEN kabla_ya IS NULL              THEN 'haijulikani'
         WHEN kabla_ya > DATE '2025-08-10'  THEN 'uko hai'
         ELSE 'umeisha'
       END AS hali
FROM mkataba
WHERE tangu <= DATE '2025-08-10';
```

Fremu ya 11 itasoma "umeisha", ya 12 "uko hai", ya 13 "haijulikani". Ukihesabu badala yake `kabla_ya > leo` kisha `kabla_ya <= leo` ukajumlisha, utapata mbili wakati mikataba ni mitatu. Kuweka NOT mbele hakusaidii, maana kinyume cha haijulikani ni haijulikani.

Kosa baya zaidi liko kwenye ulizo la fremu tupu:

```sql
SELECT id FROM fremu
WHERE id NOT IN (
  SELECT fremu_id FROM mkataba
  WHERE kabla_ya > CURRENT_DATE
);
```

Linasomeka sawasawa na linaendeshwa bila kosa. Lakini fremu ya 13 haimo kwenye orodha ya ndani, kwa kuwa NULL haizidi leo, hivyo inatoka kama fremu tupu. Dalali atampeleka mteja kwenye duka lenye mtu na bidhaa ndani. Fremu ya 14 nayo itatoka, kwa sababu haina mkataba. Lililo sahihi:

```sql
SELECT f.id FROM fremu f
WHERE f.matumizi = 'kupangisha'
  AND NOT EXISTS (
    SELECT 1 FROM mkataba m
    WHERE m.fremu_id = f.id
      AND (m.kabla_ya > CURRENT_DATE OR m.kabla_ya IS NULL)
  );
```

Kila ulizo linataka uamue haijulikani iangukie upande gani, na upande hubadilika kulingana na hasara. Kwenye fremu tupu, ihesabu kuwa imekaliwa. Kwenye makisio ya kodi ya mwaka ujao, usiihesabu kabisa. Kwa hiyo usitengeneze jedwali la mtazamo (view) lenye `COALESCE(kabla_ya, 'infinity')` kisha kila mtu alitumie. Umeshawaamulia wote, na hawajui.

Mambo ya kukumbuka kwa haraka. `MAX(kabla_ya)` inaruka NULL, hivyo "mkataba wa mwisho" inaweza kukupa wa zamani. PostgreSQL na Oracle huweka NULL mwisho ukipanga kwa kupanda. MySQL, SQL Server na SQLite huiweka mwanzo. Kwenye MySQL andika `ORDER BY kabla_ya IS NULL, kabla_ya`. Kwenye PostgreSQL, kutoa tarehe ya kawaida kwenye `infinity` kwa aina ya date kunaleta kosa la `cannot subtract infinite dates`, kwa hiyo weka `WHERE isfinite(kabla_ya)` kabla ya kukokotoa muda. Itaondoa na NULL pia. Kwa timestamp kosa kama hilo lilikuwepo hadi toleo la 16. Toleo la 17 limeleta vipindi visivyo na mwisho na sasa linarudisha infinity.

Ankara za kila mwezi zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukizitengeneza kwa `generate_series` kuanzia `tangu` hadi `kabla_ya`, fremu ya 12 itazalisha miezi bila kusimama mpaka seva ichoke au tarehe ifike ukomo wake. Suluhisho la kawaida ni `LEAST(kabla_ya, mwisho_wa_ripoti)`. Ila kwenye PostgreSQL LEAST huruka NULL, kwa hiyo fremu ya 13 itatozwa hadi mwisho wa ripoti kana kwamba mkataba unaendelea. Kwenye MySQL na Oracle, LEAST yenye NULL ndani hurudisha NULL, na fremu ya 13 haitatozwa chochote. Ulizo moja, mifumo miwili, ankara mbili. Tenganisha mistari yenye NULL kwanza, iwe na orodha yake.

Hatua ya 8: Tarehe inayojulikana nusu

Mpangaji mzee anajua alizaliwa mwaka 1958, mwezi haukuandikwa popote. Karani anaandika 1958-01-01 na fomu inakubali. Hapo umegeuza "kati ya siku 365" kuwa siku moja. Hifadhi ncha mbili: `kuzaliwa_mapema = 1958-01-01` na `kuzaliwa_mwisho = 1958-12-31`. Anayejua mwezi anapata ncha za mwezi, anayejua siku ncha zinalingana. Swali la "ametimiza miaka 60?" lina jibu la uhakika pale `kuzaliwa_mwisho` ikiwa imetimiza, na "huenda" pale `kuzaliwa_mapema` peke yake ikitimiza.

Tarehe iliyo kwenye kitambulisho ni kitu kingine. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huanza na tarakimu nane za tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe iliyokisiwa siku ya kujiandikisha imeshakuwa sehemu ya namba. Itunze kwenye safu yake kama ilivyo, kwa ajili ya kulinganisha nyaraka, na usiirekebishe.

Hatua ya 9: Linda maana data inapotoka nje

Kazi yote hii inaweza kupotea kwenye mstari mmoja wa programu. Psycopg2 ya Python hugeuza `infinity` kuwa `date.max`, yaani 9999-12-31, na ukihifadhi tena inaandika 9999-12-31 halisi. Mtumiaji aliyefungua mkataba wa fremu ya 12 na kubonyeza "hifadhi" bila kugusa kitu ameshaubadilisha. Psycopg 3 inatoa kosa badala ya kubadilisha kimyakimya, na unaweza kuiandikia kigeuzi chako. Maktaba ya pg ya Node inakupa `Infinity` ya JavaScript, ambayo `JSON.stringify` huiandika `null`. Yaani "hauna mwisho" limetoka kwenye seva na kufika kwenye simu ya msimamizi likiwa "haijulikani".

Jaribio la kuweka kwenye kila mfumo: soma mstari wa fremu ya 12 kupitia programu, uhifadhi bila mabadiliko, kisha kwenye hifadhidata endesha `SELECT kabla_ya = 'infinity' FROM mkataba WHERE fremu_id = 12;`. Rudia kwa fremu ya 13 kwa `IS NULL`.

Kwenye JSON usitume tarehe peke yake. Tuma hali pamoja nayo, au fuata ISO 8601-2 ya mwaka 2019, ambayo tayari inatofautisha: `2009-03-01/..` ni kipindi kilicho wazi mbele, na `2025-02-15/` bila kitu baada ya mkwaju ni kipindi ambacho mwisho wake haujulikani. Tofauti ni nukta mbili, na zinatosha.

Kwenye ripoti ya Excel anayopewa mwenye jengo, seli isiachwe wazi wala isiandikwe 31/12/9999. Fremu ya 11 iandikwe 30/06/2025, siku ileile iliyo kwenye mkataba, si ile ya `kabla_ya`. Ya 12 "Hauna mwisho, notisi". Ya 13 "Haijulikani, nakala haijaletwa", na pembeni yake jina la karani aliyepewa kazi ya kuifuatilia.